Kipande cha Asteria kwenye Mkongo wa Kigali

Ukitoka Kahama kwa barabara kuu iendayo Rusumo, ukishaipita Masumbwe utaona kando ya barabara nguzo fupi za saruji zenye vichwa vyekundu, moja baada ya nyingine, kila baada ya hatua hamsini hivi. Wageni hudhani ni alama za barabara. Sisi wa kijiji cha Igalamya tunajua kwamba chini yake umelala mkongo, na ndani ya mkongo huo inapita intaneti ya Rwanda na ya Burundi ikitoka pwani. Wenzetu wale hawana bahari. Wakitaka kuzungumza na dunia, mazungumzo yao lazima yapite kwanza kwenye mashamba yetu ya karanga. Na kuanzia darajani hadi kwenye mizani ya malori, kilomita nane kamili, yanapita chini ya macho ya mwanamke mmoja, Asteria Mayala, mama yake Noela.

Nimesoma habari za watu wengi vitabuni, karibu wote wakubwa wenye vyeo. Asteria hana cheo. Ana jembe, ana viatu vya mpira, ana simu mbili. Lakini nimekaa naye ujirani miaka arobaini na mitatu, na ninasema wazi kwamba katika wilaya hii sijaona kazi iliyofanywa vizuri kuliko yake. Ndiyo maana ninamwandika yeye.

Alikuja hapa akiwa mke wa Donatus, fundi wa laini za simu za enzi ya waya. Vijana wa leo hawawezi kuijua enzi hiyo. Mwaka niliofiwa na mama nilikwenda posta ya Kahama kumpigia kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Bujumbura. Niliandikisha simu saa mbili asubuhi. Karani akaita Tabora, Tabora wakaita kwingine, na huko kwingine kukawa kimya. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tisa, nikaambiwa waya umekatwa mahali, nirudi kesho. Kesho yake tulizika. Aliyekuwa akienda kuutafuta waya uliokatwa alikuwa Donatus, kwa miguu, na mara nyingi Asteria alikuwa nyuma yake amebeba chakula na koleo. Watu walikuwa wakikata waya wa shaba kutengeneza bangili na mitego. Akiunga huku, wanakata kule. Mpaka anakufa, nguzo zilikuwa zimebaki tupu, na si muda mrefu zikachanjwa kuni.

Kwa Donatus ndiko Asteria alikojifunza kutembea laini. Wengi hudhani mlinzi wa waya anaangalia waya. Sivyo. Anaangalia ardhi: nyayo ngeni, udongo uliochimbuliwa, majani yaliyofyekwa bila sababu. Aliwahi kuniambia kwamba waya haukatwi ghafla, kabla ya kukatwa huwa umeshatazamwa, na kazi ni kumwona yule anayetazama.

Baadaye ikaja minara, zikaja simu za mkononi, yakaja malori mengi. Madereva wa Kigali na Bujumbura walikuwa wakilala Kagongwa na asubuhi wakija kunywa chai hapa kwetu, kila mmoja na simu tatu mezani, moja ya kila nchi, kwa sababu ukivuka mpaka na laini ya kwenu salio lilikuwa linayeyuka hujamaliza hata salamu. Mmoja wao alimwoa Noela akampeleka Ngozi, huko Burundi, na Noela akafungua duka la simu.

Mambo ya huko tuliyajua kwa Noela. Alisema mwanzoni intaneti yao ilikuwa inashuka kutoka angani kwa madishi, ya polepole, ya bei ya kutisha, ya maofisi na mapadri. Mtu wa kawaida alinunua vocha ya kuongea, basi. Mkongo ulipofika, kampuni zao zikaanza kunyang'anyana wateja. Huyu akishusha bei ya bando Jumatatu, yule anashusha Jumatano, na nchi yenyewe ni ndogo, habari ya bei inaizunguka yote kabla ya jioni. Wakulima wa kahawa ambao hawajawahi kugusa kompyuta wakaanza kuuliza bei ya kahawa kwenye simu wakiwa huko huko milimani. Noela alikuwa akimwambia mama yake kwamba mtu akiugusa mkongo hapa Igalamya, yeye dukani Ngozi atapata habari kabla ya polisi wetu.

Msidhani lakini kwamba Asteria aliupenda mkongo siku ya kwanza. Mtaro ulipofika kwenye shamba lake, mwaka ule wa kuchimba, aliwasimamisha wachimbaji kwa siku tatu mpaka alipomaliza kung'oa karanga zake. Injinia wa wakati ule alifoka, akapiga simu, akaondoka na gari lake kwa hasira, na karanga zikang'olewa. Ilipofika zamu ya kutafuta watu wa vijijini wa kulinda laini, injinia yule yule akasema wamchukue yule mama aliyewasimamisha siku tatu, kwani huyo hatapitwa na mtu.

Hakupitwa. Kwa miaka kumi na miwili kila asubuhi alitembea kipande chake, leo kuelekea darajani, kesho kuelekea mizani. Anayetaka kuchimba choo karibu na nguzo alimwita kwanza. Wachunga ng'ombe alikuwa amewafundisha mahali pa kuvukisha. Jambo moja tu lilikuwa likimkera. Greda la barabara lilipita siku moja likakwangua udongo wa pembeni, pale pale kwenye shamba lake la karanga, na mkongo uliokuwa umelazwa kina cha kifua cha mtu ukabaki kina cha magoti. Alitoa taarifa siku hiyo hiyo. Edward, msimamizi wa laini anayekaa Kahama, aliandika, akaahidi kuleta watu wa kuushusha. Likabaki limeandikwa. Edward ni mtu mwema, ila ana kilomita mia moja na sitini na gari moja.

Sasa sikilizeni ya mwaka juzi.

Mwezi wa Machi mkongo ulikatika mara mbili, mara zote kwenye vipande vya wenzake, si chake. Kigali wakalalamika, Bujumbura wakalalamika zaidi. Edward akawaita walinzi wote Kahama akawaeleza alivyoagizwa na wakubwa wake: mkongo ukikatika mara moja tu tena mwaka huo, popote pale, walinzi wa vijijini wote wanaachishwa, na kazi inapewa kampuni ya ulinzi yenye pikipiki kutoka mjini. Asteria alirudi akapitia kwangu kabla ya kufika kwake. Hakuzungumza habari ya mshahara. Alikaa, akavua viatu, akasema, "Donatus walimnyang'anya laini kidogo kidogo, mkato kwa mkato, mpaka akafa anaiangalia. Mimi hawaninyang'anyi."

Mwezi uliofuata wakaja wapimaji. Nchi zile mbili zilikuwa zimepata watumiaji wengi mno, njia moja haitoshi tena, wakataka laini ya pili ilazwe kando ya ile ya kwanza, ili moja ikipata shida nyingine iendelee. Jambo jema. Lakini wapimaji walikuja na magari mawili, wakafunga kamba, wakachimba mashimo matatu madogo kando ya karanga za Asteria wajue chini kuna mwamba au udongo, wakatia udongo na mawe kwenye mifuko, wakasimika vigingi sita vya saruji vilivyoandikwa herufi na namba. Hawakupita ofisi ya kijiji. Hawakumsalimia mtu. Saa sita mchana walikuwa wameshaondoka. Siku hiyo Asteria alikuwa mwisho wa kipande chake, upande wa mizani.

Watu wa pwani wangeona vigingi vile wangedhani kuna kiwanja kimeuzwa. Watu wa Dodoma wangedhani barabara inapanuliwa. Sisi ni watu wa nchi ya dhahabu. Kwetu, mgeni akija kimya, akachimba vishimo, akabeba mawe kwenye mfuko, akasimika bikoni, kigingi cha mpaka chenye namba, na kuondoka bila salamu, maana yake ni moja: ameona dhahabu, na amekimbilia leseni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali huku. Wenyeji wanaochelewa hukuta uzio. Basi jioni ya Alhamisi simu zikaanza kulia, wachimbaji wa Nyarugusu wakajua, wa Geita wakajua, na Ijumaa asubuhi watu wakaanza kumiminika.

Rashi, ndivyo wachimbaji wanavyoita watu wakivamia mahali penye tetesi ya dhahabu. Walikuja kwa bodaboda, kwa fuso, kwa miguu, na sururu, na makoleo, na maturubai. Wauza wali walikuwa wameshawasha moto kabla hata shimo moja halijachimbwa. Mpaka saa nne walikuwa watu kama mia nne. Aliyewaongoza aliitwa Mageni, mchimbaji wa miaka mingi, mrefu, mwenye kofia ya kijani na sauti ya upole. Alikuwa ameshaanza kufunga kamba kugawa vipande, kila kundi hatua sita, kufuata mstari wa bikoni. Yaani juu ya mkongo. Pale pale penye kina cha magoti. Sururu ya kwanza tu ingetosha.

Asteria alifika mbio, nami nyuma yake. Akasimama mbele ya kamba, akamsalimia Mageni kwa heshima, akamweleza kwamba hapo chini kuna mkongo wa intaneti ya nchi mbili.

Mageni alimwamkia vizuri, shikamoo mayu, yaani mama, kisha akamjibu bila kupandisha sauti. "Mayu, mimi nimechimba mahali kumi na nne. Mahali pa kwanza tuliambiwa kuna bomba la maji. Pa pili, kuna makaburi. Pa tatu, waya wa umeme. Tukaondoka. Waliotuambia hayo wakaleta mashine wakachimba wenyewe."

Watu wakacheka. Mmoja akasema bibi aitoe hiyo intaneti waione, waipime gramu. Wakacheka zaidi.

Asteria akampigia Edward. Edward alikuwa Ngara kwa tatizo jingine, akasema anatoa taarifa wilayani, polisi watafika kesho. Mwenyekiti wa kijiji akapiga simu kituo cha kata. Pale kuna askari wawili na pikipiki moja, nao wakashauri tusubiri wenzao. Mimi nikamwambia jirani yangu kwamba hilo limeshatuzidi, asubiri serikali. Akanitazama kama nimesema upuuzi. Akasema kesho inakuja baada ya leo, na tena polisi wakija na moshi wao wa machozi watu mia nne watakimbia na sururu mkononi, na hakuna atakayeangalia anakanyaga wapi.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau. Shamba ni la nani? Ni lake. Na wachimbaji, wawe wakorofi namna gani, wana sheria yao. Kwenye rashi hakuna anayefungua duara, yaani shimo la kuchimbia, mpaka jiwe lioshwe, yaani lipondwe na kuchekechwa kwa maji ionekane kama lina dhahabu, mbele ya mwenye shamba, na yeye mwenyewe aonyeshe duara la kwanza. Mengine yanafuata hilo. Ukiruka hapo, siku duara likibomoka na kufukia watu, wenzako watasema ni kwa sababu yako. Hakuna mchimbaji anayetaka kubebeshwa hilo.

"Mimi ndiye mwenye shamba," akasema Asteria. "Jiwe limeoshwa?"

Mageni akaacha kamba. Jiwe lilikuwa halijaoshwa.

"Watu mia nne mmetoka Geita kufuata jiwe ambalo halijaoshwa?"

Safari hii kicheko kilikwenda upande wa Mageni. Naye aliona haya kidogo, akasema basi lioshwe.

Asteria alikuwa na uhakika. Shamba lile amelima zaidi ya miaka thelathini, kila jiwe lake ameligonga na jembe, hajaona kitu. Mpango wake ulikuwa rahisi: wataosha, watakosa, watakunja maturubai yao. Akachagua mwoshaji mwenyewe, mama mmoja Mkurya anayeitwa Bhoke, mponda mawe, anayeaminiwa na wote kwa sababu hajawahi kuwa na mgao kwenye duara la mtu. Karai likasuguliwa kwa mchanga na sabuni mbele ya macho ya watu, asije mtu akasema lilikuwa na mabaki ya dhahabu ya juzi. Mawe yakatolewa kwenye mashimo yote matatu ya wapimaji, yakapondwa kwenye kinu cha chuma mpaka yakawa unga.

Shimo la kwanza, Bhoke akazungusha karai, akamwaga maji, akaonyesha. Hakuna kitu. Shimo la pili, hakuna. Wengine wakaanza kufunga mizigo, na wauza wali wakaanza kupandisha sauti kuwaita wateja kabla hawajaondoka. La tatu, Bhoke alizungusha polepole, akainamisha, akasimama. Akainamisha tena.

"Upo," akasema.

Ulikuwa mkia wa dhahabu, mstari wa njano chini ya karai usiozidi urefu wa punje ya mchele. Lakini ulikuwepo, na aliyeuita ni Asteria mwenyewe.

Kelele zilizofuata sitaweza kuziandika. Watu walianza kusogea kwenye bikoni wakiwa na sururu begani. Mimi nilishasema moyoni kwamba imekwisha, ndani ya saa moja Noela ataona duka lake limekuwa giza.  Asteria akampazia Mageni sauti kuwashinda wote.

"Mageni! Wewe ni fundi au ni mpiga debe?"

Mageni akageuka.

"Kama ni fundi, niambie jiwe hili linatokea wapi na linakwenda wapi. Au mnachimba tu kufuata vigingi vya watu, kama kuku?"

Mtu mwenye ufundi wake hawezi kuliacha neno kama hilo lipite. Mageni akavua kofia, akaingia kwenye lile shimo la tatu, akakwangua ukuta kwa kisu na kwa kucha, akaangalia mstari wa jiwe jeupe ulivyolala. Watu wakasimama kumsubiri. Alipotoka alinyoosha mkono, si kuelekea barabarani bali kuelekea ndani ya shamba, kwenye kichuguu kikubwa. Akasema jiwe linatokea kule, na hapa barabarani ni ncha tu, mtu akichimba hapa atapata vumbi.

Asteria akaliangalia shamba lake. Karanga zilikuwa zimebakiza wiki mbili kung'olewa. Nawaambia mimi mkulima, mwaka ule karanga zilikuwa zimeshika ajabu, ukifukua shina moja unajaza kiganja. Akachukua jembe lake akaingia katikati ya karanga, akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika thelathini akainua jembe akalishusha.

"Duara la mwenye shamba ni hapa," akasema. "Yanayofuata yanakwenda kule kwenye kichuguu. Kuelekea barabarani, kuanzia hapa niliposimama, hakuna atakayechimba hata shimo la kuchomea muhogo."

Mageni akakubali kwa kichwa. Lakini Asteria hakuwa amemaliza.

"Na udongo wote mtakaotoa mtaumwaga kule kwenye nguzo za zamani zenye vichwa vyekundu. Mstari mmoja, kutoka nguzo ile mpaka ile."

Mageni akauliza kwa nini wabebe udongo hatua thelathini wakati wanaweza kuumwaga pembeni ya duara kama watu wengine wote duniani.

"Kwa sababu shamba ni langu."

Hapo Mageni akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akawaambia watu wake wamesikia. Mimi sikuelewa. Nilidhani jirani yangu anataka karanga zilizobaki zisifunikwe na udongo. Nikamwendea nikamwambia, Asteria, karanga zako. Akanijibu bila kuniangalia, macho yake yako kwenye nguzo:

"Karanga nitapanda tena. Huu wakiukata, sina pa kuupanda."

Mchana huo wanawake wa Igalamya tuliingia shambani tukang'oa tulichoweza kabla ya sururu, na wauza wali wakaja kutusaidia. Wiki nzima kijiji kilikula karanga mbichi za kuchemsha.

Polisi walifika Jumamosi wakakuta watu wamepanga mstari, kamba zimefungwa, mwenyekiti ana daftari la majina. Hawakuwa na wa kumfukuza. Jumatatu akaja afisa wa madini, akatoa maelekezo yake, kazi ikaendelea. Na kila siku, kwa wiki tatu, Asteria alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya nguzo zake, akiwaelekeza wabeba udongo. Hapa baba, sogea kidogo. Hapa pamejaa, mwaga pale. Hapana, hapo pana bonde, rudi ujaze. Walimchoka, wakamzoea, mwisho wakawa wanamletea chai.

Wiki ya pili Noela alipiga simu, ile ya kuonana uso. Alikuwa anacheka. Dereva mmoja alikuwa amepita akachukua video ya rashi, na sasa inazunguka Ngozi yote, wateja wanaiangalia dukani kwake. Asteria akamwita Mageni, akamgeuzia simu.

"Namwona," Noela akasema. "Ndiye huyo kaka wa kofia ya kijani. Hapa wanamwita bosi wa dhahabu."

Mageni akatabasamu, akauliza Ngozi ni wapi. Akaambiwa ni Burundi. Akauliza hiyo video imefikaje Burundi. Asteria akamwonyesha kwa kidole chini, kwenye tuta la udongo ambalo Mageni alikuwa amesimama juu yake.  Mageni akashuka kwenye tuta taratibu, kama mtu anayetoka kwenye mkeka wa mwenziwe, akaenda kuwaambia watu wake jambo ambalo sikulisikia. Tangu saa hiyo hakuna aliyesukumwa wala kukumbushwa, udongo ulikuwa unaletwa wenyewe.

Dhahabu ilikuwepo, sitaki kudanganya, lakini ilikuwa ya kununulia soda, siyo ya kuezekea nyumba. Wiki ya nne watu wakaanza kuondoka. Ndipo Edward akaja na kifaa chake cha kupimia kina. Alipima nguzo ya kwanza, akapima ya pili, akarudi kuipima ya kwanza. Mkongo uliokuwa magotini ulikuwa umelala chini ya tuta refu kumpita yeye mwenyewe, limeshindiliwa kwa miguu ya watu mia nne. Mkongo wenyewe haukuwa umeshuka. Ardhi ndiyo iliyopanda. Akauliza nani ameagiza kazi ile. Asteria akamwambia ni kazi aliyoiandika yeye mwenyewe kwenye daftari lake, ila alichelewa kuja. Mimi nikageuka pembeni nisicheke mbele ya Edward.

Edward aliona haya, akamshika mikono yote miwili. Akasema Kigali hawakuhisi chochote, Bujumbura hawakuhisi chochote, na habari ya kampuni ya pikipiki imezimika. Akamwambia laini ya pili nayo ni yake kuilinda. Mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Asteria alimwambia akae chini kwanza.

Akamweleza kwamba wachimbaji hawakukosea. Waliokosea ni wapimaji wake, waliokuja kwenye nchi ya dhahabu wakachimba, wakabeba mawe, wakasimika bikoni, wasimsalimie mtu. Walitaka watu wafikiri nini? Kwa hiyo laini ya pili ataipokea kwa mambo mawili. La kwanza, hakuna kigingi kitakachosimikwa tena hapa kabla wapimaji hawajasimama kwenye mkutano wa kijiji wakasema wanasimika nini. La pili, kazi ya kuchimba mtaro wapewe watu wa Mageni waliobaki, maana sururu wanazo, mawe ya hapa wanayajua, na mtu aliyelipwa kuchimba mtaro hatarudi kuufukua. Edward akaenda pembeni kupiga simu. Alizungumza muda mrefu, mara nyingine akitikisa kichwa. Aliporudi alisema yote mawili yamekubaliwa.

Mkutano ulifanyika Julai, uwanja wa shule. Mpimaji aliyetumwa alikuwa binti anaitwa Agnetha, mstaarabu, alisalimia kuanzia wazee mpaka watoto. Alileta ramani kubwa na kipande cha mkongo, kikapita mkono kwa mkono. Bhoke alikinyanyua kwenye jua, akaona nyuzi za kioo nyembamba kuliko nywele, akauliza kama nchi nzima inapita humo kweli au ni sampuli tu. Agnetha akamwambia inapita humo, na nafasi inabaki. Mageni akasimama kwa niaba ya wachimbaji, kofia mkononi, akauliza mtaro utakuwa wa kina gani.

"Mita moja na nusu, mwanzo mpaka mwisho," Agnetha akasema, akionyesha kwenye ramani.

Asteria alikuwa amekaa mbele. Hakusimama.

"Kuanzia usawa wa kichuguu mpaka darajani ni mwamba, binti yangu, mita moja na nusu haifikiki. Andika mita moja, na zege juu yake."

Agnetha akaitazama ramani yake, kisha akamtazama Edward. Edward akamwambia aandike. Binti akachukua kalamu, akasogea kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na Asteria, akamuuliza mwamba unaanzia hasa wapi.